Vipete Sita Kiganjani

Mimi ni Arlis Crabtree, fundi vyuma mstaafu, na nianze kwa kusema kwamba Wendell Hobson hakusahau mafuta. Hajawahi kusahau mafuta maisha yake yote. Watu wa vilima hivi vya Missouri wamesema alisahau, wamelisema neno hilo kanisani, wamelisema kwenye duka la malisho, wamelisema hata kwa kinyozi, na mimi nilikuwepo nikisikiliza huku nimefumba domo langu. Wiki tano nzima. Basi leo nasema mimi, na anayetaka kunitemea mate atapata nafasi.

Klabu yetu ya Bryant Fork ni ya watu wa baruti nyeusi. Bastola zetu ni za mtindo wa babu wa babu zetu, zile zisizojua ganda la risasi. Unamimina baruti kwenye tundu la silinda, unaweka risasi juu yake, unavuta wenzo ulio chini ya mtutu uishindilie mpaka ikae, kisha unapaka mafuta mazito juu yake. Unafanya hivyo mara sita kwa sababu matundu ni sita. Mwisho kabisa ndipo unavika fataki kwa nyuma, vile vikofia vidogo vya kuwashia baruti. Mtu mwenye haraka zake aende akacheze mpira.

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana aibu yangu yote imekaa hapa. Risasi inayofaa ni ile iliyolizidi tundu kidogo, unene wa unywele tu. Wenzo ukiisukuma, mdomo wa tundu unaikwangua pembeni, na kinadondoka kipete chembamba cha madini, chepesi kama ganda la kitunguu. Kipete kikidondoka ujue tundu limezibwa sawasawa, cheche haina pa kupenya. Kisipodondoka, risasi imelegea, na tundu moja likiwaka linaweza kumwambukiza jirani yake. Sisi tunauita moto wa kurukiana.

Ndiyo maana kuna desturi. Ukimaliza kushindilia, unaokota vipete vyako mezani, unavitandaza kiganjani na kumnyooshea mtu aliyesimama kulia kwako. Yeye anahesabu na kutamka kwa sauti: sita. Hapo ndipo unapovika fataki. Akisema tano, unaondoka kwenye mstari wa kufyatulia bila ubishi, hata uwe mchungaji wa kanisa. Neno la anayehesabu halihojiwi. Desturi hiyo aliileta Wendell mwenyewe miaka arobaini na kitu iliyopita, baada ya mtu mmoja kuungua uso, na wa kwanza kufundishwa nilikuwa mimi.

Wendell ana miaka sabini na tisa. Alikuwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa mpaka magoti yalipomkatalia. Mimi nina sitini na moja, nina wajukuu, na bado ananiita kijana. Bastola yake ilikuja vipande vipande ndani ya boksi majira ya baridi ya mwaka sabini na nne, akaikalia kando ya jiko na tupa mkononi mpaka theluji ikayeyuka. Mpini aliuchonga kwa mti wa uani kwake. Siku hizi macho yake yana ukungu, na kisukari kimemuua vidole, yaani anaweza kushika kikombe cha moto asijue. Lakini mpe shabaha ya hatua ishirini na tano, uone. Mkewe Norma husema mzee haoni mlango wa choo ila anaona duara jeusi.

Wendell hupiga gololi, yaani risasi ya mviringo. Klabu nzima hupiga gololi. Kila mtu atakwambia risasi ya ncha ni ya taabu kwenye bastola zetu, maana inaingia imeinama, na iliyoingia imeinama itatoka imeinama. Mimi nilipostaafu kiwandani sikuwa na la kufanya. Ukimwacha fundi bila kazi atatafuta kiburi. Nikajifungia kwenye banda langu miezi mitatu, nikachonga kalibu ya risasi ya ncha, yenye kitako kilichopunguzwa kidogo ili kitangulie kuingia tunduni na kuinyoosha. Ilikuwa kalibu nzuri, siwezi kudanganya. Risasi zilitoka zinameremeta, zina mifereji miwili ya mafuta, zina pua kali. Nikataka klabu nzima izione zikishinda mashindano ya Oktoba.

Nikizipiga mimi, watu wangesema Arlis leo kabahatisha. Akizipiga Wendell, wangesema risasi hizo ni za nani? Hilo ndilo nililolitaka, hilo swali. Sasa naona haya hata kulisema.

Wendell alinikatalia. Alisema gololi haina kichwa wala mkia, huwezi kuikosea, na kwamba Mungu angependa mambo yenye ncha asingeumba yai. Nikamwendea tena wiki iliyofuata, na iliyofuata. Norma akaanza kunicheka, akasema ningemposa msichana kwa bidii hiyo nisingeishi mjane. Mwishowe Wendell aliweka kijiko chini, akanitazama kwa yale macho yake ya ukungu na kusema sawa, kwa kuwa ni wewe.

Kwa kuwa ni wewe. Si kalibu aliyoiamini; aliniamini mimi.

Ikaja shida ya kwanza. Risasi yangu ilikuwa ndefu, haikupita kwenye uwazi wa kuingizia risasi tunduni, ulio chini ya mtutu. Ama niifupishe risasi, ama niupanue uwazi. Mtu mwenye adabu angeifupisha risasi. Mimi niliibana bastola ya Wendell kwenye jiliwa nikaanza kuipiga tupa. Yeye alikuwa ameketi kwenye kigoda pale bandani, na nilipopiga tupa ya kwanza akageuza uso kutazama dirishani. Akakaa vile mpaka nikamaliza, kisha akasema umepiga tupa vizuri, kijana, kingo zimelala.

Shida ya pili ilikuja Jumatano, siku tatu kabla ya mashindano. Ili pua zitoke kali nilikuwa nimechanganya madini magumu, vile vyuma vidogo vya kusawazishia magurudumu ya magari. Madini magumu hayakwanguki kirahisi. Wenzo ukagoma. Mimi mwenye mkono mzima nilitoka jasho. Wendell akiwa na vidole vile alivuta mpaka mishipa ya shingo ikasimama, risasi ikainama na kukwama nusu nje. Tuliichokoa kwa bisibisi. Alikuwa amechoka. Aliniambia turudi kwenye gololi, hakuna atakayekufa. Nikamwomba siku moja.

Nilitakiwa kuziyeyusha zote na kuzisubu upya kwa madini laini. Ilikuwa kazi ya siku mbili na mimi nilikuwa na moja na nusu. Badala yake nikatoboa bamba la chuma kwa keekee, nikazipitisha risasi zote kwenye lile tundu kwa nyundo ili zipungue. Nikazipima. Zilikuwa zimepungua kupita kiasi. Nilijua hapohapo, sikuhitaji hata kipimo, maana nilichukua moja nikaiweka kwenye silinda yangu nikaisukuma kwa kidole gumba, nayo ikaingia taratibu hadi chini. Kuna maneno ya Wendell aliyonifundisha nikiwa na miaka ishirini: kinachoingia kwa kidole gumba hutoka bila kuaga. Niliyakumbuka neno kwa neno. Nikajiambia mafuta yatazishika.

Mafuta! Mtu wa miaka sitini na moja, fundi wa kuheshimika, anajiambia nta na mafuta ya kondoo yatafanya kazi ya chuma. Mtoto wa shule angenicheka.

Jumamosi kulikuwa na jua la Oktoba, mialoni yote imegeuka rangi, wanawake wa klabu wameleta maharage na mkate wa mahindi na pai za tufaha. Msimamizi wa mstari alikuwa Twila Maggard. Twila aliendesha basi la shule miaka thelathini, na bado anatusemesha kama tunarusha karatasi siti za nyuma. Mimi nilisimama kulia kwa Wendell kama siku zote.

Alimimina baruti. Akaweka risasi. Akavuta wenzo, na wenzo ukashuka kama unakata siagi. Akasita kidogo, akasema, "Leo zimelainika." Nikamwambia nimezirekebisha. Akaitikia kwa kichwa na kuendelea, mara sita. Akapaka mafuta, tundu kwa tundu, kwa kidole chake kile kisichohisi kitu, kwa uangalifu wa mtu anayempaka mtoto dawa. Nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka kwake. Mafuta niliyaona kwa macho yangu.

Kisha akapapasa meza, akakusanya alichodhani amekusanya, akaninyooshea kiganja.

Kiganja kilikuwa kitupu. Kulikuwa na doa la mafuta na punje mbili tatu za baruti, basi. Nikainua macho. Twila alikuwa ameshika bendera yake ananitazama. Watu wapatao arobaini walikuwa nyuma ya kamba. Mezani zilikuwepo risasi zangu zilizobaki kwenye kisanduku cha mbao nilichokitengeneza mwenyewe, kina jina langu kifunikoni.

Nikasema, "Sita."

Wendell hakurudisha mkono mara moja. Aliuacha pale kidogo. Kisha akaukunja, akavika fataki.

Risasi ya kwanza ilipiga katikati. Ya pili ikagusana na ya kwanza, na watu wakaguna kwa kustaajabu, na mimi, Mungu anisamehe, moyo ulinifura. Kuna mtu nyuma yangu aliuliza hizo ni risasi za nani? Nilikuwa nageuka kumjibu.

Ya tatu ilikuwa matundu matatu kwa pamoja. Wendell siku hizi hutetemeka, kwa hiyo huitegemeza bastola kwa mkono wa kushoto kwa chini, karibu na silinda. Moshi ulipopungua alikuwa bado amesimama, bastola imeanguka, mkono wa kushoto ameuinua mbele yake anautazama kama wa mtu mwingine. Kidole cha mwisho kilikuwa hakina ncha. Cha pili yake kimevunjika. Ngozi ya kiganja imeungua. Aligeuka upande wangu, na neno lake la kwanza lilikuwa hili:

"Arlis, uko salama?"

Twila alikuja mbio amevua mkanda wa suruali, akamfunga mkono, akapiga kelele gari iletwe. Wakati wanampandisha garini Twila aliniuliza, bila hasira, kama mtu anayejaza fomu, kama nilihesabu. Nikasema nilihesabu. Akauliza ngapi.

Nikasema sita kwa mara ya pili. Ya kwanza ningeweza kusema iliniponyoka. Ya pili niliisema nikiwa namtazama mzee mwenye damu shatini.

Kwetu, ambaye bastola yake imepata moto wa kurukiana husimama mbele ya wanachama Jumamosi inayofuata na kueleza kosa lake. Wendell alikuja na bandeji nene kama glavu ya besiboli, Norma kamshika kiwiko. Nilikaa safu ya pili. Alisimama, akavua kofia, akatutazama sote, na nikaona amekaa kimya muda mrefu kuliko inavyohitajika. Kisha akasema vipete vilihesabiwa sita, kwa hiyo haikuwa risasi. Basi lazima alisahau mafuta. Akaketi.

Walipiga kura kwa kuinua mikono. Mzee wa miaka sabini na tisa anayesahau mafuta hawezi kurudi mstarini, na hakuna aliyefurahi kuisema. Twila alilia waziwazi. Mimi niliinua mkono wangu pamoja na wengine. Ndiyo, niliinua. Ningeuacha chini wangeuliza kwa nini.

Halafu, kama vile haitoshi, wakahitaji mtu wa kushika nafasi yake ya kuwafundisha wageni kushindilia na kuwa mhesabu mkuu. Twila alikuja na kile kipimo cha shaba cha baruti alichokuwa akikivaa Wendell kwa kamba ya ngozi, akanivisha shingoni. Wendell mwenyewe ndiye aliyenipendekeza. Kamba bado ilikuwa na harufu ya tumbaku yake.

Sikwenda kwao. Norma alinipigia simu akasema ameoka mkate, nikasingizia mgongo. Akapiga tena, nikasingizia mvua. Aliyezoea kunilisha kila Jumatano tangu mke wangu afariki, nikawa namkimbia kama anayenidai. Siku moja kwenye duka la malisho kijana wa kaunta alisema mzee Hobson wiki ijayo atasahau na suruali, na waliokuwepo wakacheka. Nami nikacheka. Nilisikia sauti yangu ikicheka, nikabeba gunia langu nikatoka, nikakaa ndani ya pikapu bila kuwasha injini mpaka mtu akaja kunigongea kioo akiuliza kama nimeishiwa betri.

Jumamosi ya pili ya Novemba ilikuwa zamu yangu ya kwanza ya kuhesabu. Baridi ilikuwa imeanza, tunatoa moshi mdomoni. Aliyekuwa wa kwanza mstarini ni Twila mwenyewe. Alishindilia gololi zake, akaokota, akaninyooshea kiganja. Nikatazama.

Vilikuwa vitano. Bila shaka cha sita kilidondokea majanini, kingepatikana tungeinama. Kulikuwa na neno moja tu la kusema, tano, na lilikuwa jepesi, halina ubaya kwa mtu. Nikafungua mdomo na halikutoka. Nilikitazama kile kiganja cha Twila, kina alama za usukani, na nilichokiona ni kile kingine, chenye doa la mafuta.

Twila akangoja. Kisha akatabasamu upande, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "We Arlis, vipi? Au usahaulifu wa Wendell umekuambukiza?"

Wakacheka nyuma ya kamba. Kicheko cha upendo tu, kisicho na sumu.

"Wendell hakusahau mafuta," nikasema.

Walidhani namtetea rafiki. Twila akaanza kusema anajua inauma. Nikamkatiza. Nikasema alipaka matundu yote sita na mimi nikimwona. Nikasema risasi zilikuwa zangu, nilizipunguza mimi, zilikuwa zinaingia kwa kidole gumba na nilijua. Nikasema aliponinyooshea mkono hapakuwa na kipete hata kimoja. Sauti ilikuwa inanitoka nyembamba, siijui. Kijana yule wa duka la malisho alikuwepo, akainamisha kichwa.

Twila akasema, "Nilikuuliza wakati damu inamtoka. Ukaniambia sita."

"Nilikwambia sita."

Alivua ile kamba ya ngozi shingoni mwangu, si kwa kuivuta. Aliinyanyua taratibu juu ya kofia yangu kama unavyomvua mtoto koti. Akaniambia nitoke mstarini kwake. Nikatoka. Nikiwa bado naelekea kwenye pikapu nilisikia wakipiga kura palepale kwenye baridi, wakamrudisha Wendell, na mimi wakaniweka nyuma ya kamba, siruhusiwi kushika silaha, wala kushindilia, wala kuhesabu. Muda hawakutaja.

Sitaficha: nilipowasha pikapu nilijisikia mwepesi. Nilidhani kazi imekwisha. Majuto ni mjukuu, wanasema, na mimi nilidhani mjukuu ameshalala. Nikaenda moja kwa moja kwa Wendell, nikiwa na habari njema ya kwamba jina lake limesafishwa, kama vile si mimi niliyelichafua.

Norma alifungua mlango, akanitazama toka kofia hadi buti, akasema maharage yapo jikoni. Wendell alikuwa mezani, mkono wa kushoto umelala juu ya taulo. Bandeji ilikuwa imetolewa. Nikakaa. Nikamwambia yote, tangu kalibu, tangu bamba la chuma, tangu kidole gumba. Nikamwambia kiganja kilikuwa kitupu. Nikamwambia na wanachama nimewaambia na kwamba amerudishwa. Nilitaka aninyanyulie kiti anipige nacho. Alikuwa anamega mkate wa mahindi kwa mkono mmoja, vipande vidogo vidogo, bila kuvila.

"Nilijua," akasema.

Nikamuuliza alijua lini.

"Palepale. Vidole vimekufa, kijana, ila kiganja bado ni changu. Nilipokunyooshea nilijua nimeshika hewa."

Norma aliyekuwa akipakua aliacha upawa ndani ya sufuria. Nadhani na yeye alikuwa hajalisikia hilo.

"Sasa kwa nini ulivika fataki?" nikauliza. "Wendell, kama ulijua, kwa nini?"

Alinitazama kwa muda, na nikaona kwamba hakuwa akitafuta neno la kuniumiza. Alikuwa anatafuta la kweli.

"Wewe ulisema sita," akasema. "Nikajiambia Hobson umezeeka, hata kiganja sasa kinakudanganya. Arlis hawezi kunidanganya."

Nikamuuliza basi yale ya mafuta aliyasema ya nini mbele ya watu. Norma ndiye aliyejibu, kwa ukali, akiwa amenipa mgongo. Alisema mzee alipotoka hospitali alikaa siku nzima akifikiri, kisha akamwambia yeye kwamba Arlis atasema mwenyewe, tumpe nafasi. Siku ile ya mkutano alisimama kimya vile kwa kuwa alikuwa ananisubiri. Na mkate aliokuwa akiuoka na kunipigia simu, mikate minne, haukuwa mkate tu, ulikuwa ile nafasi.

Nilikula maharage yale. Kwa Norma huachi chakula. Nilipoondoka Wendell alinipa mkono wa kulia, mzima, akaubana kidogo. Hakuniambia nimekusamehe, na mimi sikuthubutu kuomba. Nyumbani niliyeyusha risasi zote. Ile kalibu niliipiga nyundo mpaka taya zake zikaachana, ikawa chuma tu.

Masika ilipofika Wendell alirudi mstarini na gololi zake. Bastola ilitengenezwa silinda na fundi mwingine, lakini ule uwazi nilioupiga tupa umebaki vilevile, mpana kuliko unavyohitajika, na unaonekana hata kutoka kwenye kamba. Mimi huja kila Jumamosi. Kazi yangu ni kufagia meza na kukusanya makopo. Watu hunisalimu, si wabaya. Twila ndiye anayesimama kulia kwa Wendell sasa.

Wendell hushindilia polepole, kwa mkono mmoja na nusu. Huokota, hunyoosha kiganja, na Twila huhesabu kimoja kimoja kwa sauti ya dereva wa basi mpaka afike sita. Zamani mambo yaliishia hapo. Mtu akitamka, Wendell alivika fataki huku akipiga soga. Siku hizi haviki. Hukisogeza kiganja mdomoni, mahali pekee ambapo bado anahisi vizuri, na hugusa vile vipete kwa mdomo wa chini, kimoja baada ya kingine, huku Norma akimgombeza toka nyuma kwamba madini hayo ni sumu. Twila husimama kando yake na kungoja, wala haoni ubaya. Naye Wendell huvigusa vyote sita, ndipo anapochukua fataki.